Umeme Umekatikia Wapi? Kutafuta hitilafu kuanzia maji ya chumvi hadi betri ya boti

Betri ikigoma, swali la kwanza ni lilelile, iwe ni ndimu mbili juu ya meza ya darasa au betri ya volti 12 ndani ya boti: mzunguko umekatikia wapi? Wengi huudhani mzunguko ni waya tu. Kumbe nusu ya safari haipiti kwenye waya. Kwenye waya hutembea elektroni. Ndani ya maji ya betri, yaani elektroliti, hutembea ayoni, chembe zenye chaji zilizoachana chumvi, asidi au alkali ilipoyeyuka. Elektroni haziogelei, na ayoni haziingii kwenye waya. Hukutana usoni mwa metali, na hapo ndipo kemia inapofanyika: upande mmoja metali inaachia elektroni, upande wa pili kitu kingine kinazipokea. Basi pa kutafuta ni patatu: waya na viungo vyake, uso wa metali, na maji.

Nafundisha kemia Lamu, na kwa kuwa mji wetu umezungukwa na maji ya chumvi, mambo mengi ya kitabuni wanafunzi huyaona forodhani kabla hawajayafikia darasani. Yanayoniuma ni mabetri mazima yanayotupwa kwa sababu ya kiungo kichafu, na mabovu yanayotiliwa asidi mpya na kuuziwa mtu mwingine. Maelezo haya ni ya kuzuia yote mawili. Utahitaji mita ya kawaida ya kupimia volti, kipande cha msasa, magadi, na kwa betri za asidi miwani ya kinga, glavu za mpira na haidromita, yaani bomba la kupimia uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji. Tuanze na maji yenyewe.

Balbu haiwaki kabisa

Hili ni jaribio la kwanza la mada hii: mawe manne ya tochi, balbu ndogo, na vijiti viwili vyeusi vya kaboni vilivyotolewa ndani ya mawe yaliyokwisha, vimezamishwa kwenye maji unayopima. Umeme wa ukutani usiukaribishe hapa hata kidogo.

Kabla ya kuyalaumu maji, gusanisha vijiti viwili. Balbu ikiwaka, waya ni nzima na tatizo liko majini. Isipowaka, acha maji, fuata waya.

Waya zikiwa nzima, sababu ya kawaida ni kwamba ulichokitia hakina ayoni huru. Sukari huyeyuka vizuri sana, lakini molekuli zake hubaki nzima, bila chaji. Mafuta ya taa ni vivyo hivyo. Chumvi kavu ndiyo huwachanganya wanafunzi zaidi: ayoni zimo tele, ila zimefungana kwenye fuwele na hazina pa kwenda. Tia maji, zinaachana. Svante Arrhenius wa Uswidi alilitetea wazo hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1884, walimu wake wakampa alama ya chini; mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa wazo lilelile.

Sababu ya pili ni kwamba ayoni zipo lakini ni chache. Siki na maji ya ukwaju ni asidi dhaifu, maana yake ni sehemu ndogo tu ya molekuli zake inayoachana. Balbu ya tochi inayotaka ampea 0.3 haitawaka, lakini taa ndogo ya LED, inayoridhika na miliampea chache, itawaka. Kwa hiyo "haiwaki" si sawa na "haipitishi". Badilisha balbu kwa LED kabla hujaandika jibu, na kumbuka LED ina upande: ukiigeuza, haitawaka hata ukiizamisha baharini.

Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Hupitisha umeme mara mia na zaidi kuliko maji matamu ya kunywa, na karibu mara milioni moja kuliko maji safi kabisa yasiyo na kitu ndani. Hapa kwetu ni rahisi kuuona mfululizo huo bila dawa yoyote ya maabara. Chukua maji ya mvua, maji ya kisima cha kijiji cha Shela yanayochujwa na vilima vya mchanga, maji ya kisima kilichoingiwa na munyu, na maji ya bahari. Zamisha vijiti kwa kina kilekile na umbali uleule kila mara, utaona LED ikiongeza mwanga hatua kwa hatua. Usipoweka umbali na kina sawa, utakuwa unapima mkono wako.

Iliwaka, kisha ikafifia

Tazama vijiti kwa karibu. Vimejaa povu laini. Kwenye upande hasi maji yanatoa haidrojeni. Kwenye upande chanya, ikiwa maji ni ya chumvi nyingi, inatoka klorini, ile harufu ya dawa ya kufulia nguo nyeupe. Gesi ikiufunika uso wa kaboni, ayoni hazifikii. Tikisa vijiti: mwanga ukirudi, sababu ilikuwa povu. Fanya jaribio hili karibu na dirisha, kwa muda mfupi, kwa sababu klorini inachoma mapafu.

Maji yakigeuka kijani au buluu, umetumia waya wa shaba badala ya kaboni, na shaba ya upande chanya inaliwa na kuingia majini. Yakigeuka rangi ya chai, ulitumia msumari.

Ndimu inasoma karibu volti moja, balbu haiwaki

"Mwalimu, ndimu haina umeme." Sijui darasa ambalo halijawahi kuniambia hivyo. Ndani ya ndimu tumechomeka kipande cha shaba na msumari wenye ngozi ya zinki, basi nawaambia walete mita. Mita inasoma volti 0.95. Umeme upo. Kisicho na nguvu ni njia ya kuutoa.

Volti inasema metali mbili zinavutana kiasi gani kugombania elektroni. Haisemi ni elektroni ngapi zitapita kwa sekunde. Ndani ya ndimu ayoni zinajipenyeza kwenye maji machache yaliyogawanywa na vikuta vya nyama ya tunda, na uso wa msumari unaogusa maji hayo ni mdogo. Huo ndio upinzani wa ndani. Ukiwa omu 1,000, hata ukiunganisha ncha mbili moja kwa moja hupati zaidi ya miliampea moja, na balbu ya tochi inataka 300. Ni sawa na kisima kirefu chenye ndoo ya ukubwa wa kikombe: maji yamo, lakini hayaoshi mtu.

Mita inasoma vizuri kwa sababu yenyewe haivuti karibu chochote. Iache mita mahali pake, kisha unganisha taa. Volti ikiporomoka kutoka 0.95 hadi 0.1, umepata jibu. Pima mzigo ukiwa umeunganishwa: ukikumbuka sentensi hii moja tu, utaitumia hadi kwenye betri ya boti.

Dawa zake zinategemea unachokosa. Ukikosa volti, panga ndimu kwa mfululizo, shaba ya moja kwenye zinki ya inayofuata. LED nyekundu huanza kuwaka karibu na volti 1.8, kwa hiyo anza na ndimu tatu. Ukikosa mkondo, ongeza uso wa metali, sogeza vipande karibu bila kugusana, na iviringishe ndimu mezani kwa kiganja mpaka ilegee ndani. Au achana na ndimu kabisa: kikombe cha maji ya bahari kitafanya kazi bora, kwa sababu nguvu haitoki kwenye tunda. Inatoka kwenye zinki inayoliwa. Ndimu ni njia ya ayoni tu, pamoja na asidi inayopokea elektroni kwenye shaba na kugeuka povu la haidrojeni.

Hapa kuna kosa ambalo vitabu havilitaji vya kutosha. Mwanafunzi anachukua beseni moja la maji ya bahari, anatumbukiza jozi tatu za zinki na shaba, anaziunganisha kwa mfululizo, na mita inasoma kana kwamba kuna jozi moja tu. Waya ni sawa. Tatizo ni kwamba jozi zote zinachangia maji yaleyale, na ayoni zinapita njia ya mkato kutoka jozi hadi jozi. Kila seli lazima iwe na kikombe chake. Hiyo ndiyo sababu betri ya gari imegawanywa vyumba sita na si tangi moja.

Volti ikianza vizuri kisha ikashuka karibu nusu na kubaki huko, angalia msumari. Misumari ya kuezekea mabati ina ngozi nyembamba tu ya zinki. Ikishaliwa, unabaki na chuma, na chuma na shaba havivutani kama zinki na shaba. Kata kipande cha zinki kutoka kopo la jiwe la tochi lililokwisha, kitadumu zaidi.

Seli ya zinki na shaba inasoma chini ya volti 1.10

Seli hii aliibuni John Frederic Daniell mwaka 1836, na mpaka leo ndiyo ya mitihani: zinki ndani ya salfeti ya zinki, shaba ndani ya salfeti ya shaba, yaani mrututu, na daraja la chumvi, yaani karatasi iliyolowa chumvi, katikati. Zinki ina volti 0.76 chini ya haidrojeni, inayohesabiwa kuwa sifuri, shaba ina 0.34 juu yake, jumla 1.10.

Mita ikisoma sifuri, nyanyua daraja ulitazame. Karatasi iliyolowa chumvi hukauka upesi kwenye joto letu, hasa ncha yake inayoning'inia bila kufika majini. Bila daraja, upande wa zinki unajaza ayoni chanya na upande wa shaba unabakiwa na salfeti zisizo na mwenzake. Kazi inasimama papo hapo. Ilowanishe upya kwa nitrati ya potasiamu. Chumvi ya mezani inafaa kwa seli hii, lakini usiitumie siku ukifanya jaribio la fedha, kwani kloridi ya chumvi hukamata ayoni za fedha na kuzigeuza mashapo meupe.

Mita ikisoma kitu kama 0.7, wanafunzi hukimbilia kusema dawa imetiwa maji mengi. Hesabu haikubali. Kubadilisha ukolezi wa upande mmoja mara kumi husogeza volti za seli hii kwa karibu 0.03 tu kwenye joto la kawaida. Upungufu wa 0.4 hauwezi kutoka huko. Kagua uso wa zinki: ukiona tabaka la kahawia au jeusi lenye ulaini wa masizi, shaba imevuka na kutua juu ya zinki. Maji ya pande mbili yamechanganyika, na zinki inampa shaba elektroni ana kwa ana, bila kupitia waya wako. Nguvu inapotea kuwa joto. Piga zinki msasa mpaka ing'ae, osha vikombe, anza upya.

Mita ikisoma hasi, umegeuza waya. Usiguse kitu kingine.

Mawe ya tochi: yamekwisha, lakini yakianikwa juani yanawaka

Wazee wetu walianika mawe ya redio juu ya paa na redio ikaimba tena jioni. Si uzushi. Ndani ya jiwe la kawaida kopo lenyewe ni zinki, katikati kuna kijiti cha kaboni, na kati yao uji wa oksidi ya manganizi na chumvi za kloridi. Ukilitumia mfululizo, mazao ya kemia yanajilimbikiza karibu na kaboni kuliko yanavyoweza kutawanyika. Likipumzika, yanatawanyika, likipata joto, yanatawanyika haraka zaidi. Lakini hakuna zinki inayorudi. Unakomba kilichobaki kwenye sufuria, na joto hilohilo linaharakisha kuvuja.

Kuvuja kwake si ajali. Kopo ni chombo na ni kuni kwa wakati mmoja: kadiri unavyotumia, kuta zinaliwa, mpaka siku zinatoboka. Jiwe lililokwisha litoe ndani ya tochi siku hiyohiyo. Uchafu wa mawe haya una asidi, ufute kwa kitambaa chenye maji ya magadi. Mawe ya alkalini ni kinyume: ule unga mweupe unatokana na potashi kali, ufute kwa pamba yenye siki au ndimu. Kisha piga msasa springi na vibao vya kugusia.

Usichanganye jiwe jipya na la zamani. Jipya litaendelea kusukuma mkondo kupitia lile lililokwisha mpaka liligeuze chaji, na lililogeuzwa ndilo huvuja kwanza.

Betri ya sola haishiki chaji

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, basi twende polepole.

Betri ya risasi na asidi, aliyoianzisha Gaston Planté mwaka 1859, ina seli sita za karibu volti 2.1 kila moja. Bamba hasi ni risasi, bamba chanya ni oksidi ya risasi, na kati yao asidi ya salfuriki. Inapotoa umeme, mabamba yote mawili yanageuka salfeti ya risasi, na asidi inatumika ikibadilishwa na maji. Ndiyo maana asidi yenyewe ni kipimo cha chaji, jambo ambalo si betri zote zinaweza kujivunia.

Zima kila kitu, paneli na taa, uiache itulie saa kadhaa, kisha pima. Karibu 12.7 imejaa. Karibu 12.2 iko nusu. Chini ya 11.9 imekwisha, na kila siku inayokaa hivyo inaumia. Ukiipima chaja ikiwa imetoka tu, utasoma volti za juu juu zisizo na maana.

Ikisoma karibu 10.5 hata baada ya kuchajiwa siku nzima, fanya hesabu: 12.6 kutoa 2.1. Seli moja imekufa, mara nyingi kwa sababu unga wa mabamba umerundikana chini na kuyagusanisha. Hiyo haitengenezeki nyumbani.

Ikiwa volti si mbaya lakini taa hazifiki usiku wa manane, fungua vifuniko utumie haidromita. Vaa miwani kwanza. Nyonya asidi taratibu hadi kielea kiwe huru, kisitegemee ukuta wa bomba, kisome kwenye usawa wa macho, uirudishe asidi kwenye seli ileile. Andika namba sita. Karibu 1.265 na zaidi ni chaji kamili, karibu 1.20 ni nusu, chini ya 1.15 ni tupu. Namba zenyewe ni muhimu, lakini tofauti kati yake ni muhimu zaidi. Sita zote zikiwa chini kwa usawa, betri haikuchajiwa vya kutosha: lawama iende kwenye paneli, waya au kidhibiti cha chaji. Moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.05, seli hiyo ndiyo mgonjwa.

Mzee mmoja, nahodha, aliniletea ya nyumbani kwake.

"Mwalimu, hii imekufa. Fundi asema itiwe asidi mpya."

"Usikubali, mzee wangu. Asidi haikuondoka. Imo ndani ya mabamba."

Asidi haipotei kwa kutumika; salfeti yake hujificha kwenye risasi na hurudi majini betri ikichajiwa. Ukitia asidi mpya juu ya betri tupu, haidromita itasoma vizuri na betri itabaki tupu, huku mabamba yakiliwa na asidi kali kupita kiasi. Anayefanya hivyo ili auze anamdhulumu mnunuzi, na nasema hivyo bila kupunguza neno.

Betri ya mzee yule ilikuwa na ugonjwa wa salfeti ngumu. Salfeti ya risasi iliyotoka kutengenezwa ni fuwele ndogo na hurudi upesi. Ikiachwa wiki kadhaa, fuwele zinakua, zinaganda, na chaji haiziingii. Dalili yake ni hii: ukianza kuchaji, volti zinapanda haraka mno, kidhibiti kinadhani imejaa na kukata, ukiwasha taa, zinashuka haraka vilevile. Kwetu huanza wakati wa masika, kusi inapoleta mawingu, paneli ndogo inashindwa kurudisha kilichotumika usiku, na betri inakaa nusu tupu tangu Aprili hadi Juni. Chaji ndefu ya mkondo mdogo, saa nyingi mfululizo, inaweza kurudisha sehemu yake kama ugonjwa haujazeeka. Dawa za chupa zinazoahidi kufufua betri sijaona sababu ya kuzitetea. Kinga ni kupunguza matumizi majira ya mawingu na kuipa betri chaji kamili kila inapowezekana.

Maji yanaisha upesi

Chaji ikizidi, haina tena salfeti ya kubadilisha, basi inapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kanuni za mwanasayansi Michael Faraday za mwaka 1834 zinatupa hesabu kamili: kila ampea-saa ya ziada hula theluthi moja ya gramu ya maji katika kila seli. Ampea-saa tano za ziada kwa siku, kwa seli sita, ni gramu 10 kwa siku, karibu gramu 300 kwa mwezi. Ukiona upungufu wa aina hiyo, kagua kidhibiti: betri ya volti 12 ya maji ikizidishwa sana juu ya 14.4 kwa saa nyingi, inachemka povu.

Seli moja ikinywa maji kuliko nyingine, rudi kwenye haidromita.

Jazia maji ya betri ya dukani. Ya kisima usiyatie hata kama ni matamu kinywani: kloridi iliyomo inakula risasi, na chuma kilichomo kinaifanya betri ijimalize yenyewe ikiwa imekaa tu. Ya mvua yaliyopita kwenye paa lililo karibu na bahari yamebeba munyu wa upepo. Jazia baada ya kuchaji, si kabla, kwa sababu asidi hupanda ikichajiwa na itafurika.

Haidrojeni hushika moto ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Betri isikae chumbani kusikopitisha hewa, na chetezo cha udi kisipitishwe karibu nayo inapochajiwa.

Mashine ya boti inagonga tak-tak, haizunguki

Betri inasoma 12.6. Ukibonyeza swichi, tak. Kumbuka kilichotokea kwenye ndimu: pima mzigo ukiwa umeunganishwa. Weka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha risasi chenyewe, si kwenye klempu, na nyingine juu ya klempu inayokishika. Mwenzako abonyeze swichi. Kiungo kizuri kitasoma karibu sifuri. Kikisoma nusu volti au zaidi, umeme unafia hapohapo, sentimita moja kutoka kwenye betri nzima. Rudia upande wa pili, kisha kwenye kila kiungo mpaka kwenye stata, mota inayoizungusha mashine iwake.

Ule unga wa kijani na buluu kwenye klempu ni shaba iliyoliwa na mvuke wa asidi. Fungua hasi kwanza, halafu chanya, ili spana ikigusa mwili wa mashine isitoe cheche. Osha kwa maji ya magadi mpaka povu likome, vifuniko vikiwa vimefungwa barabara, maana tone la magadi ndani linaharibu asidi. Suuza, kausha, msasa, kaza, paka grisi juu. Chanya irudi kwanza, hasi mwisho.

Viungo vikiwa safi na volti za betri yenyewe zikaporomoka chini ya 9 au 10 unapobonyeza, hapo ndipo useme betri imechoka.

Maji ya bahari yameingia kwenye betri

Hapa usianze kupima. Kloridi ya bahari ikikutana na asidi na oksidi ya risasi inatoa gesi ya klorini, hatari ambayo mabaharia wa nyambizi waliijua vizuri tangu vita vikuu. Ni nzito kuliko hewa na hutulia chini ya boti, mahali hasa unapoinama kuangalia. Ukisikia harufu kali ya dawa ya kufulia, toka, fungua kila kifuniko cha sitaha, acha upepo ufanye kazi. Betri hiyo haina matibabu.

Betri ya lithiamu inasoma sifuri

Haijafa lazima. Ndani yake kuna sakiti ya ulinzi inayokata ncha ikiona volti zimeshuka mno au joto limezidi, na mara nyingi chaja inayofaa aina hiyo huifungua. Zile za fosfeti ya chuma, seli nne za volti 3.2, zina tabia nyingine: zinasoma karibu namba ileile kuanzia chaji ikiwa nyingi hadi ikibaki kidogo, kwa hiyo jedwali la betri ya asidi halizifai. Betri ya simu ikivimba, gesi imejikusanya ndani kwa kuharibika kwa elektroliti. Usiichaji, usiitoboe, usiibane irudi.

Zinki ya mashine haiishi, au inaisha upesi mno

Mashine ya boti ikiwa majini ni seli kamili: alumini ya mwili, chuma cha pua cha shafti, na bahari kama elektroliti. Ikiachwa hivyo, alumini ndiyo inayoliwa. Kipande cha zinki kimewekwa kiliwe badala yake. Humphry Davy alilitumia wazo hili mwaka 1824 kulinda mabati ya shaba ya meli za kivita za Uingereza. Shaba ilipona, lakini kwa kuwa haikuyeyuka tena, viumbe wa baharini wakaanza kuota juu yake.

Zinki isiyopungua baada ya miezi majini isikufurahishe. Ama imepakwa rangi pamoja na mashine, ama haigusani na metali inayoilinda, na wakati huo alumini inalipa. Zinki inayokwisha kwa wiki chache inaonyesha umeme unavuja: waya wa betri uliochubuka unagusa maji ya ndani ya boti. Zima swichi kuu, kisha pima mkondo unaotoka kwenye betri kila kitu kikiwa kimezimwa. Ukiona wowote, chomoa fyuzi moja moja mpaka upotee.

Tahadhari iwe pia kwa anayepigilia bati la shaba kwa misumari ya chuma kwenye mashua. Uso mkubwa wa shaba dhidi ya kichwa kidogo cha msumari maana yake ni kwamba ulaji wote unaelemea kichwa hicho. Tumia misumari ya shaba. Kalafati, yaani kizibo cha mianya ya mbao, iliyokazwa vizuri kwa pamba na mafuta nayo inasaidia, kwa kuwa maji yasipoufikia msumari hakuna elektroliti, na bila elektroliti hakuna seli.

Badilisha zinki ikifika nusu. Kwangua rangi na kutu mahali inapokaa, kaza boliti, kisha weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye zinki na nyingine kwenye mwili wa mashine uliokwanguliwa. Isome karibu na sifuri. Ikizidi omu moja, fungua ukwangue tena kabla boti haijashushwa.